Vumbi Letu

Kiwanda kilipokuja Njiru hakikuomba ardhi kwanza.
Kiliomba kimya.

Mashine zake, tuliambiwa, zina usingizi wa kichanga:
ukipasua jiwe ng'ambo ya barabara zinashtuka,
na zikishtuka, hasara ni ya mamilioni.
Basi timbo likafungwa.
Miaka ishirini na miwili Mbithi alipasua mawe mle,
nyundo, patasi, baruti kila Alhamisi,
nami ukingoni na sufuria ya uji wa wimbi,
vikombe vyangu tisa vya plastiki,
nikijua saa kwa mlio wa jiwe.
Nusu ya nyumba za Kayole zilipita kwenye mabega yale.
Sasa shimo limejaa maji ya mvua, kijani,
na kuna ubao: USIOGELEE.
Watoto wanaojua kusoma huwasomea wasiojua,
kisha wote wanaogelea.

Sisemi mabaya matupu.
Asemaye mabaya matupu ana deni analolificha.
Barabara imewekwa lami hadi langoni,
hadi langoni tu, hatua moja zaidi hakuna.
Usiku taa zao zinamwagika nje ya ukuta,
na Kilonzi wa nyumba ya tatu huenda kusomea pale
mpaka bawabu wa zamu ya pili amfukuze.
Huku kwetu transfoma ililipuka Februari.
Tunaisubiri kama posa.

Maji, hapo sijui nianzie wapi.
Walichimba kisima mita mia tatu,
wanaosha kioo kidogo kuliko ukucha,
wanakiosha mara arobaini.
Mtungi ulikuwa shilingi tano, leo ni ishirini,
nami nasugua sufuria kwa maji niliyooshea mchele.
Naye landilodi alisikia neno "teknolojia" redioni,
akapandisha kodi kabla mtangazaji hajamaliza sentensi.

Lakini Syokau aliajiriwa.
Syokau wangu, wa kwanza ploti nzima kupata barua yenye muhuri.
Nilipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani akayaacha mayai.
Mbithi aliikunja barua, akaikunjua, akaikunja.
"Ina karatasi nzuri," akasema.

Asipake mafuta usoni. Asijipodoe. Asisuke nywele za bandia.
Mavazi meupe tangu utosi hadi unyayo, yanabaki macho.
Na kabla ya kuingia kuna chumba, ananieleza,
kidogo kama choo chetu,
unasimama umeinua mikono mithili ya mwizi,
upepo unakuja kutoka kila upande
unakupukuta.

Nikauliza: unakupukuta nini?
Akasema: vumbi, mama.
Nikauliza: vumbi la wapi?
Akamwaga chai iliyobaki, akatafuta viatu.

Mbithi alikuwa mlangoni, anakohoa.
Kifua chake kina timbo ambalo hakuna aliyelifunga.
Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akatuonyesha weupe,
akaandika dawa ya siku tano.

Wiki jana, zamu ya usiku, punje moja ilionekana kwenye kioo.
Punje moja.
Trei nzima ikatupwa, mashine zikasimama,
wasichana wakaitwa mmoja mmoja,
wakakaguliwa kucha, masikio, mishono ya nguo.
Hiyo punje waliikuza kwenye skrini, ikajaa ukuta:
kijivu, yenye kona kali upande mmoja.
Wakubwa walisogea, wakarudi nyuma, wakaulizana itokako.
Syokau anasema aliitambua papo hapo.
Hakusema kitu.
Usiku kucha aliketi kitandani akirudia:
jiwe la baba, mama. Jiwe la baba, kubwa namna hii.

Nilicheka, Mungu anisamehe,
nilicheka hadi nikakaa sakafuni,
na Mbithi akacheka, kikohozi kikamkatiza, akacheka tena.

Kulipokucha nikaanua koti lake la kazini,
nililolifua kwa maji ya shilingi ishirini.
Nikalikung'uta nje, upande wa timbo.
Mara moja.
Si kwa nguvu sana.